Chuma Kilichovunjika na Shahidi Wake

Mtungi wa gesi ukilipuka Karatina, wa kwanza kufika ni majirani. Wa pili ni polisi. Wa tatu, na mara nyingi kabla jua halijatua, ni mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake ya kuning'iniza. Mimi huitwa baadaye sana, hospitali ikiwa imekwisha kutoa bili na wakili amekwisha kufungua faili, na swali langu la kwanza huwaudhi wote waliomo ofisini: kile kilicholipuka kiko wapi?

Mara nyingi hukaa kimya kidogo, mtu akakohoa, kisha mwingine akataja bei ya kilo.

Mimi ni mhandisi wa mitambo. Ofisi yangu ni chumba kimoja ghorofani mjini Nyeri, si mbali na mahakama, chenye meza ya chuma, darubini, vipimo vya unene, taa kali, na rafu zilizojaa vitu ambavyo mwenye akili timamu angevitupa: regyuleta zilizoyeyuka, mipira ya gesi iliyotafunwa na panya, plagi zilizoungua, kisu cha mashine ya kukatia majani kilichopasuka katikati. Kila kimoja kina kibandiko chenye tarehe, jina la aliyekileta na sahihi yake. Kazi yangu ni kuvichunguza hadi nijue kilichotokea, kisha kusimama mbele ya hakimu na kukieleza kwa lugha ambayo hata karani anayeandika aielewe. Kisheria naitwa shahidi mtaalamu. Huku vijijini wananiita Injinia, basi.

Kanuni ya kawaida mahakamani ni kwamba shahidi aseme alichokiona au kukisikia mwenyewe. Maoni yake abaki nayo. Kifungu cha 48 cha Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80 ya sheria za Kenya, ndicho kinachotoa ruhusa ya pekee. Mahakama ikihitaji kuelewa jambo la sayansi au ufundi, sheria ya nchi ya kigeni, mwandiko au alama za vidole, mtu mwenye ujuzi maalumu katika jambo hilo anaweza kutoa maoni. Kwa ruhusa hiyo huingia daktari anayepasua maiti, mkemia wa serikali, mtambuzi wa miandiko, na mara mojamoja mimi na gunia langu.

Bidhaa ninayoijua kuliko zote ni mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Nyeri ni nchi ya maziwa. Kuanzia Tetu hadi Mukurwe-ini, na ng'ambo huko Kirinyaga na Meru, boma lenye ng'ombe wawili wa gredi lina kishamba cha nepia na, mapato yakiruhusu, mashine ya stima au ya petroli ya kuikatakata. Nyingi huundwa na mafundi wa jua kali, na nyingi ni kazi safi: chuma kizito, uchomeleaji mzuri, bei ambayo mkulima anaiweza baada ya kuuza ndama. Ina sinia la bati ambalo majani hulazwa. Mwisho wa sinia kuna roli mbili zenye meno, moja juu ya nyingine, ambazo huyashika majani na kuyavuta. Nyuma ya roli kuna gurudumu zito lililofungwa visu viwili au vitatu, nalo huzunguka kwa kasi.

Watu huogopa visu. Mimi naogopa roli. Hakuna anayepeleka mkono kwenye kisu kwa hiari, lakini kila anayelisha mashine hupeleka mkono kuelekea kwenye roli, tena akiwa ameshika majani ambayo roli zinayavuta. Tuseme zinavuta sentimita 30 kwa sekunde. Sinia likiwa na urefu wa sentimita 90, mkono wa sweta ukinaswa na bua pale ukingoni, mtu ana sekunde tatu za kushtuka, kuvuta mkono, au kupiga kelele mtu azime. Sinia likiwa la sentimita 25, hana hata sekunde moja, na binadamu aliyeshtuliwa anaweza kumaliza sekunde nzima kabla mkono wake haujaanza kurudi nyuma. Hesabu hiyo naweza kuifanya kwenye ubao mahakamani, na nimewahi kuifanya.

India walilijua jambo hili mapema. Baada ya wakulima wengi wa Punjab na Haryana kupoteza mikono kwenye mashine za kupura nafaka, Bunge lao lilipitisha sheria ya mashine hatari mwaka 1983, na kiwango chao cha mashine hizo kinataka sinia la kulishia lisipungue sentimita 90, sehemu ya ndani ikiwa imefunikwa. Hapo hapakuhitajika uvumbuzi wowote. Ni bati tu, refu kidogo.

Mama mmoja wa upande wa Mukurwe-ini aliletwa kwangu na wakili wake akiwa amepoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia.

"Pole sana, mama," nikamwambia. "Mashine bado iko?"

"Iko, Injinia. Baba Wangari alikataa iguswe."

Mumewe alikuwa ameifunika kwa turubai na kuifunga kamba pande zote. Tulipofika bomani mzee alifungua fundo moja moja, taratibu, kisha akasimama kando kama mlinzi wa benki. Majani makavu yalikuwa bado yamekwama kwenye roli. Nikapima sinia: sentimita 28. Halikuwa na kifuniko. Hapakuwa na kipini cha kuzirudisha roli nyuma wala cha kuzitenga na injini. Swichi ilikuwa ukutani, nyuma ya mgongo wa anayelisha, mahali ambapo mtu aliyenaswa mkono wa kulia hawezi kuifikia hata angekuwa mrefu kama mnazi. Nilipiga picha, nikachora, nikamwomba mzee atie sahihi kwamba hakuna kilichosogezwa tangu siku ile.

Mahakamani wakili wa upande wa pili alinijia kwa upole, na upole wa wakili nimejifunza kuuogopa. Je, si kweli kwamba mama huyu alikuwa anakata majani usiku? Ni kweli. Je, si kweli kwamba alikuwa amechoka? Ni kweli pia, Mheshimiwa. Basi tatizo ni uchovu wake, si mashine ya mteja wangu? Nilijibu kwamba ng'ombe hula hata mwenyewe akiwa amechoka. Mashine ya kukatia majani ya ng'ombe hutumiwa alfajiri na jioni, mwanga ukiwa hafifu na mtu akiwa ametoka shambani au anakwenda huko. Anayeiunda anajua hivyo, na kama hajui, basi hajawahi kufuga ng'ombe.

Kiini cha taaluma hii ndicho hicho. Bidhaa inaweza kuwa na kasoro ya namna tatu. Kuna kasoro ya utengenezaji: mashine mia ni nzima, moja imechomelewa vibaya. Kuna kasoro ya muundo: zote mia zimetoka kama zilivyochorwa, ila mchoro wenyewe ndio mbaya, kama lile sinia la sentimita 28. Na kuna kasoro ya onyo: bidhaa ni nzuri, lakini ina hatari ambayo mnunuzi hawezi kuiona kwa macho na hakuna aliyemwambia. Jiko la makaa ni mfano wa hii ya tatu. Julai, baridi ya Nyeri ikibana, watu huliingiza chumbani na kufunga madirisha. Gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na huwaua wakiwa usingizini. Jiko hilo halijavunjika popote. Kinachoulizwa ni kama lililetwa sokoni na neno lolote la tahadhari.

Kesi nyingine ilitoka upande wa Kerugoya, ya mashine ya namna ileile. Mdai aliapa kwamba aliinunua bila kifuniko. Nilipoisafisha vumbi nilikuta matundu manne ya bolti pembeni mwa sinia, na kuzunguka kila tundu duara la rangi iliyokoza, la ukubwa wa washa, ilhali sehemu nyingine zote zilikuwa zimefifishwa na jua. Kifuniko kilikuwepo. Kilikaa hapo muda mrefu kiasi cha jua kuchuja rangi ya pembeni, ndipo kikafunguliwa, pengine kwa sababu kilichelewesha kazi. Niliandika hivyohivyo. Wakili aliyenilipa alisoma ripoti, akanishukuru kwa adabu, na sikuitwa kutoa ushahidi.

Hapo ndipo vijana wanaotaka kazi hii hunitazama kwa mshangao. Umekula pesa ya mtu ukamwangusha? Nililipwa kuchunguza. Sikulipwa kushinda, na malipo yangu hayategemei hukumu. Nikikubali yategemee hukumu, wakili wa upande wa pili ataniuliza swali moja tu, na sitakuwa na la kujibu. Mwaka 1993 jaji wa Uingereza aliyeitwa Cresswell, katika kesi ya bima ya meli ya Ikarian Reefer iliyokwama na kuungua, alipanga wajibu wa shahidi mtaalamu hatua kwa hatua: maoni yawe yake mwenyewe na yasipindwe na mahitaji ya kesi, asijigeuze wakili, asifiche mambo yanayopingana na maoni yake, na swali likiwa nje ya ujuzi wake aseme wazi. Kesi hiyo hunukuliwa kote ambako sheria za Kiingereza zilipita.

Sisi wa Nyeri tuna hukumu yetu pia. Mwaka 2016, katika rufaa moja ya madai kwenye Mahakama Kuu hapa mjini, Jaji John Mativo alieleza kwa urefu ushahidi wa mtaalamu unastahili uzito gani, na mahakama nyingine za Kenya zimeirejelea hukumu hiyo mara nyingi. Kwa maneno yangu: mtaalamu hawi juu ya ushahidi mwingine. Hakimu ana haki ya kutokubaliana naye. Maoni yake yapimwe kwa mambo yaliyothibitishwa, wala yasisikilizwe peke yake kama sauti kutoka mbinguni, na wataalamu wawili wakipingana, ushahidi wote uliobaki ndio uamue nani anasadikika. Nimeona wenzangu wakinuna kwa kuambiwa hivyo. Mimi hukumu hiyo inanifaa, kwa sababu inarudisha kesi pale inapopaswa kuwa: kwenye kile kitu chenyewe.

Na gesi? Mtungi wa kilo sita, ule wa kuwekewa kichomeo juu ambao kila mtu anauita meko, umeokoa mapafu ya akina mama wengi, na siwezi kuusema vibaya. Lakini gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi dirishani. Inashuka sakafuni, inatambaa chini ya kitanda na kuvuka mlango hadi kwenye jiko la jirani. Harufu yake kali si ya asili, hutiwa kiwandani ili pua ikuamshe. Mtungi haujazwi hadi juu: karibu moja ya tano ya nafasi huachwa ili gesi iliyo maji itanuke joto likipanda. Anayejaza vichochoroni kwa kumimina kutoka mtungi mkubwa hadi mdogo hana muda wa hesabu hiyo.

Nikiletewa mabaki, ninaangalia mpira uliungulia wapi. Mpira ulioungua kwa nje tu umepata moto uliotoka kwingine. Uliochomeka kuanzia mdomoni, karibu na kibanio, una habari tofauti. Ninatazama nyuzi za vali kama zimeliwa, raba ndogo ya ndani kama imekauka na kupasuka, na kitako cha mtungi kama kimeoza kwa kutu chini ya rangi mpya. Kisha linakuja swali la nani alaumiwe, na hapa sheria imebadilika. Kanuni za gesi za mwaka 2019 ziliondoa utaratibu wa zamani wa kampuni kubadilishana mitungi kiholela. Sasa mtungi hujazwa na mwenye chapa yake au aliyeruhusiwa naye. Kwa hiyo utetezi wa kwanza wa kampuni yoyote ni kwamba mtungi ni wetu, gesi si yetu. Bila sili, bila risiti ya duka, na mtungi wenyewe ukiwa umeshakatwa vipande, utetezi huo hauna wa kuujibu. Nchi nzima iliona ukubwa wa jambo hili usiku wa tarehe 1 Februari 2024, gesi ilipolipuka Embakasi, Nairobi, mahali ambapo Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, ilisema ilikuwa imekataa maombi ya kibali cha ujenzi.

Siku chache baadaye msiba ukaja kwetu mlimani. Mapema mwezi huohuo, katika kijiji cha Kangai, Kirinyaga, watu wasiopungua 17 walikufa baada ya kunywa pombe iliyouzwa katika baa moja. Serikali, kupitia Kithure Kindiki aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, ilisema pombe ile ilikuwa kielelezo cha kesi: ilinaswa, ikawekwa katika kituo cha polisi cha Kiamaciri, ikaibwa humo na kurudi sokoni. Maafisa wa polisi walikamatwa.

Katika kazi yangu hakuna habari iliyonitikisa kama hiyo. Sisi hufundishwa kwamba kielelezo kikipotea, kesi hufa. Kangai, kielelezo kilipotea na wanakijiji wakafa. Zile fomu ambazo kila mtu huziona kero, nani alikipokea, saa ngapi, akakifungia wapi, akamkabidhi nani, ndizo zingekuwa ukuta wa mwisho kati ya sumu na meza ya baa. Kesi za pombe huhitaji mkemia zaidi yangu. Methanoli haimwonyi mnywaji kwa ladha. Ikifika mwilini ini huigeuza kuwa fomaldehaidi, kisha asidi ya fomiki, na asidi hiyo hushambulia neva za macho. Ndiyo sababu tulisikia habari za watu kupofuka Mei 2014, pombe yenye methanoli ilipoua makumi ya watu katika kaunti kadhaa, Embu ikiwemo. Maabara hutenganisha viambato kwa mashine na kusoma kiasi cha kila kimoja. Lakini mashine husoma kilichomo kwenye chupa iliyoletwa tu. Kama chupa iliyoletwa siyo iliyonywewa, matokeo ni sahihi na hayana maana.

Sakata la mbolea ya ruzuku la mwaka 2024 lilisimama juu ya jambo hilohilo. Magunia yalifika kwa wakulima, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, likapima sampuli na kukuta nyingine hazikufikia kiwango, na mambo yakafika Bungeni, ambako wabunge walipiga kura kumng'oa Waziri wa Kilimo Mithika Linturi kabla ya kamati kumwondolea lawama Mei mwaka huo. Mkulima aliyemwaga gunia lote shambani na kulitumia gunia tupu kufungia makaa hakubakiwa na chochote cha kumpa mtaalamu.

Kuhusu magari nitasema kidogo. Probox na wenzake huja huku wakiwa wametumika Japan kwa miaka. Mikoba ya hewa ya kampuni ya Takata, ambayo kemikali yake huharibika kwa joto na unyevu na inaweza kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva, ilisababisha vipuri takriban milioni 100 kuitwa virudishwe duniani kote. Barua za wito ule zilikwenda kwa wenye magari waliosajiliwa huko. Hazikuja Nanyuki. Nambari ya chesisi ukiipeleka kwenye tovuti ya mtengenezaji unaweza kujua kama gari lako limo. Fanya hivyo kabla ya kununua taa za mapambo.

Nikiwa mtu wa Nyeri siwezi kuandika haya nikaruka Endarasha. Usiku wa tarehe 5 Septemba 2024, moto katika bweni la shule ya Hillside Endarasha Academy, Kieni, uliua watoto 21. Sikuhusika na uchunguzi wake na sizungumzii chanzo chake. Ninachoweza kusema kama mhandisi ni kuhusu mabweni yote. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataka milango ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma, na nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2. Ninaongeza moja: godoro. Sponji ya kawaida hushika moto haraka na moshi wake una kaboni monoksaidi na sianidi. Uingereza iliweka kanuni za moto kwa samani za sponji mwaka 1988. Mzazi anayenunua godoro la kupeleka bwenini huuliza unene na bei, wala simlaumu, maana muuzaji naye hana la kumweleza zaidi. Hilo ni swali la wanaoandika viwango.

Sheria haijatuacha watupu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa maelezo, kulindwa afya na usalama wake, na kulipwa fidia anapoumizwa na kasoro. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 ikafuata. Kabla ya hizo, mahakama zetu zilitegemea uamuzi wa konokono, ambao kila mwanafunzi wa sheria anaujua. Mwaka 1928, mjini Paisley huko Scotland, May Donoghue alinunuliwa na rafiki yake soda ya tangawizi, akadai kwamba chupani mlitoka mabaki ya konokono. Mwaka 1932 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kwamba mtengenezaji ana wajibu kwa mnywaji wa mwisho hata kama hakumuuzia yeye mwenyewe. Kisichosimuliwa sana ni kwamba hakuna mahakama iliyowahi kuthibitisha kuwa konokono alikuwepo. Wazee wale waliamua swali la sheria peke yake, mtengenezaji akafariki mwaka huohuo, na madai yakamalizwa nje ya mahakama. Konokono mashuhuri kuliko wote katika sheria hajawahi kuwa kielelezo.

Vijana wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, pale barabara ya Mweiga, hunijia wakiuliza njia ya kuingia kazini. Hakuna shule ya ushahidi wa kitaalamu. Kuna digrii, kisha kusajiliwa na Bodi ya Wahandisi, kisha miaka ya kuvunja vitu kwa makusudi katika maabara ya majaribio. Mimi nilianzia huko, nikivuta nondo hadi zikatike na kuandika zimekatika kwa uzito gani. Ni kazi inayochosha kama palizi, lakini ndiyo iliyonifundisha kusoma uso wa chuma kilichovunjika: kilichokatika ghafla kina uso wa chengachenga, na kilichopasuka polepole kwa kuchoka kina mistari iliyopindana inayokuonyesha ufa ulianzia wapi. Asiyejua kitu kizima kinavyovunjika hawezi kujua kibovu kilivunjika kwa nini.

Wajue pia kwamba haiwezi kukulisha peke yake. Kesi za bidhaa ni chache huku kwetu; nyingi humalizwa kwa mzee wa kijiji na pesa kidogo ya hospitali. Mkate wangu hutoka kwenye ukaguzi. Sheria ya usalama kazini ya 2007 inataka boila ikaguliwe angalau mara moja kwa mwaka, na viwanda vya chai vya milima hii vyote vina boila. Lazima pia uwe na ngozi ngumu. Utaulizwa mahakamani kama umewahi kufukuzwa kazi, kama wewe ni fundi au ni mwanasiasa, kama mwanamke anaweza kweli kujua mashine. Jibu swali, usimjibu mtu.

Sasa kwako wewe msomaji ambaye huna haja ya kuwa mhandisi. Kabla ya kununua, tazama alama ya ubora ya KEBS na nambari iliyo chini yake. Tuma herufi SM, kisha #, kisha nambari hiyo kwenda 20023 uone kama kibali ni cha bidhaa hiyo kweli. Risiti ipige picha siku hiyohiyo, maana wino wake hufifia. Kitu kikikuumiza, zima chanzo cha hatari, kisha usikioshe, usikirekebishe, usikirudishe dukani kabla ya kukipiga picha pande zote, na usikubali muuzaji "akichukue akakiangalie". Kitie kwenye gunia kavu, funga, andika tarehe. Chakula kibaki na karatasi yake na nambari ya fungu la uzalishaji. Fundi akitaka kuja kukifungua, wawepo mashahidi wa pande zote mbili.

Dai lisilozidi shilingi milioni moja linaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo haibanwi sana na taratibu za ushahidi. Muda wa kudai fidia ya kuumizwa kwa uzembe ni miaka 3 tangu siku ya tukio, na wa madai ya mkataba ni miaka 6. Ikiwa uliumia mwaka jana na bado unangoja mwenye duka akupigie simu, nenda kwa wakili wiki hii, na kitu chenyewe ukibebe.